Wanafunzi wangu wameuliza: uchafu wa Dar umetufuata sisi, au sisi ndo tuliufuata? Naomba majibu ya kweli

MwalimuBondeni
Wakuu habari zenu. Nafundisha jiografia sekondari moja ya kata kando ya mto Msimbazi, jina la shule nalihifadhi. Tuna klabu ya mazingira, wengi ni form three, na muhula huu wameamua kuchunguza uchafuzi wa mtaani kwao wenyewe badala ya ule wa kwenye kitabu. Wamechora ramani yao kwa mkono: moshi unapotokea, harufu inaposhika, maji yanapobadilika rangi, gari la taka lisipofika, nyumba zinazoingiliwa na maji ya mvua. Wakimaliza wakaweka alama nyingine juu yake, nyumba za kupanga chumba kimoja na nyumba zenye geti. Aisee, alama za kwanza zote zimerundikana kwenye vyumba vya kupanga, upande wa mageti ni karibu karatasi tupu.

Binti mmoja akasimama akauliza, mwalimu, uchafu umetufuata sisi au sisi ndo tuliufuata uchafu? Nilimjibu nikijibu lakini najua hakuridhika na mimi mwenyewe sijaridhika. Naomba michango. Na wenye ujuzi wa vipimo mtuelekeze, maana tunataka kwenda serikali ya mtaa na kwa afisa mazingira tukiwa na kitu ambacho hawawezi kukisukuma pembeni kwa kusema hawa ni watoto.

ChifuTabata
Mmeufuata mkuu, tusizungushane. Bondeni viwanja vilikuwa bei chee kwa sababu kila mtu alijua maji yanapita pale. Mtu ananunua kwa maandishi ya mjumbe, anajenga mita chache toka mtoni, mvua ikija analia serikali. Ramani za mipango miji toka zamani zinasema lile bonde ni eneo hatarishi.

Mkongwe75
@ChifuTabata unajiita Chifu wa Tabata halafu historia ya Tabata huijui? Ngoja nikukumbushe. Jiji lilikuwa linamwaga taka Tabata, katikati ya watu waliokuwa wanaishi pale na familia zao. Moto, moshi, nzi, usiku na mchana. Mwaka 1988 wakazi wakaenda Mahakama Kuu, ile kesi ya Joseph Kessy dhidi ya Halmashauri ya Jiji, wakashinda. Jiji likarudi kuomba liongezewe muda wa kuendelea kumwaga, Jaji Lugakingira akashangaa, akasema hajawahi kusikia mamlaka ya umma inakuja mahakamani kwa kujiamini kuomba ruhusa ya kuchafua mazingira na kuhatarisha maisha ya watu.

Sasa fuatilia taka zilikoelekea. Zikapelekwa Kunduchi Mtongani, wakazi wa kule nao wakaenda kortini 1991, kesi ya Festo Balegele na wenzake, wakasimamia ibara ya 14 ya katiba, haki ya kuishi, wakashinda. Zikaja Vingunguti. Zikaenda Mtoni. Leo ziko Pugu Kinyamwezi. Kwa hiyo mwambie binti yako @MwalimuBondeni kwamba dampo la Dar lilikuwa linahama kila likikutana na watu wenye wakili, mpaka likapata wasio naye.

PwaniSisi
Hapo umenena mzee wangu. Kesi ya Tabata wanafunzi wa sheria wanaisoma mpaka huku kwetu Kenya.

ChifuTabata
@Mkongwe75 historia nzuri lakini umenijibu kuhusu dampo, mimi nimesema bondeni. Jangwani, Kigogo, Mchikichini hakuna aliyeletewa mto. Mto ulikuwepo.

MamaLishe_Kigogo
Mto ulikuwepo ndiyo ila haukuwa na rangi hizi. Mimi kaka yangu Chifu sikufuata uchafu, nilifuata kodi. Mume alipofariki nilikuwa na watoto na mtaji wa masufuria, chumba ambacho ningekiweza na bado nitembee kwa mguu mpaka nnapouzia chakula kilikuwa huku. Ukinitafutia chumba Mikocheni kwa hela hiyo hiyo nahama kesho. Halafu hamjasema habari ya vyoo. Mvua ikianza tu wenye nyumba za juu wanafungulia vyoo vyao vishuke na maji, na wanaofanya hivyo si maskini, wana choo cha ndani na marumaru, hawataki tu kulipia gari la kunyonya. Maji yakipungua mimi ndo nafagia kinyesi cha mtu nisiyemjua kwenye kizingiti changu, na siku ile siuzi, nani atanunua wali kwangu.

BahariaMstaafu
Salaam. Mnaongea ardhi mnasahau upepo. Mji huu uko pwani na una pepo mbili kubwa. Kaskazi kuanzia Desemba hivi mpaka Machi inavuma toka kaskazini mashariki, kusi kuanzia Aprili mpaka Septemba inatoka kusini mashariki. Angalieni vizuri, zote mbili zinatoka baharini kuja nchi kavu. Kwa hiyo aliyejenga ufukweni, Oysterbay, Masaki, Msasani, anavuta hewa ya bahari mchana wa mwaka mzima, na moshi wa mji mzima, wa magari, wa viwanda, wa taka zinazochomwa, unasukumwa kwenda kwa walioko bara. Mwenye nguvu alichagua kukaa upepo unapoanzia. Hata kama kila kiwanda kingekuwa na sheria nzuri hilo lingebaki.

Mchangiaji_Kimya
Hii ya upepo sijawahi kuifikiria hata siku moja. Asante baharia.

Mpangaji_Miji
@BahariaMstaafu yuko sahihi ila pale ufukweni hapakuchaguliwa na mtu mmoja mmoja. Enzi za Mjerumani na baadaye Mwingereza, Dar iligawanywa kanda tatu za ujenzi, Wazungu upande wa bahari, kanda ya katikati ya biashara ambako Wahindi wengi walikaa, na Waafrika Kariakoo na kuendelea kwenda ndani. Mnazi Mmoja iliachwa wazi kuwatenganisha. Maji na mitaro ilianza kanda ya kwanza. Baadaye viwanda vikapangwa kandokando ya reli na barabara ya Pugu, leo Nyerere Road, na wafanyakazi wakaishi karibu na kazi, Vingunguti, Buguruni, Kipawa. Ndo maana swali la huyo binti lina majibu zaidi ya mawili, kuna sehemu watu na kiwanda waliletwa pamoja na mpango ule ule.

Na kitu kimoja zaidi. Sehemu kubwa ya Dar inatumia mashimo, bomba la majitaka liko maeneo machache ya mjini. Magari ya kunyonya yanakusanya toka kona nyingi za mji, na kati ya yanapoenda kumwaga ni mabwawa ya Vingunguti. Anayekunyima bomba ndiye anayekupa bwawa.

Fundi_Betri
Naona mnaelekea kule kule, funga kiwanda, funga gereji, hamisha. Mimi nimesomesha watoto kwa betri na chuma chakavu. Kijana wa jirani anaokota chupa dampo na analisha ndugu zake. Hao wanafunzi wakishapeleka ripoti yao wakafunga, mwalimu utawapa kazi wewe?

MwalimuBondeni
@Fundi_Betri sijaandika neno funga popote. Wanafunzi kadhaa wazazi wao wako kwenye kazi hizo hizo na walilijadili kabla hawajatoka. Wanachotaka kujua ni nani anavuta nini, basi. Ila kaka nakusihi, kama unayeyusha betri nyumbani watoto wasikae karibu, na nguo za kazi usifue na za kwao.

PwaniSisi
Fundi hilo la betri lichukulie kwa uzito wake. Huku Mombasa kuna mtaa waitwa Owino Uhuru. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilijengwa ukuta kwa ukuta na nyumba za watu, wakazi wapata elfu tatu. Bi Phyllis Omido alikuwa ameajiriwa pale, mwanawe akaugua, kwenda kupimwa damu ikaonekana ina risasi, ile metali ya sumu ya ndani ya betri. Akaacha kazi akaanza kupiga kelele, akakamatwa, hakunyamaza. Kiwanda kikafungwa 2014, yeye akapewa tuzo ya Goldman 2015. Mwaka 2020 mahakama ya Mombasa ikaamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Na wale kina baba waliokuwa wakiajiriwa pale walikuwa majirani hao hao, walipata mshahara na risasi kwa pamoja.

Kinyozi_Ilala
Lakini si walishindwa rufaa? Nilisoma mahali kwamba ile hela ilifutwa.

PwaniSisi
@Kinyozi_Ilala Mahakama ya Rufaa ndiyo iliyowavuruga, lakini wakapanda Mahakama ya Upeo na Desemba 2024 ikarudisha uamuzi wa kwanza. Watu walingoja mpaka wengine wakatangulia mbele ya haki.

MtotoWaDandora
Wasee mnanigusa. Mimi nimekulia Dandora, Nairobi, dampo tunaliona kwa dirisha. Lilianza 1975 kwa shimo la machimbo ya mawe, 2001 wakasema limejaa, na hadi leo malori yanaingia. 2007 Umoja wa Mataifa, shirika lao la mazingira ambalo makao yake ni hapo hapo Nairobi upande wa Gigiri, walipima watoto 328 wanaoishi na kusoma karibu na dampo. Nusu yao walikuwa na risasi kwa damu kupita kiwango kilichokuwa kinatumika wakati huo, mikrogramu 10 kwa desilita. Siku hizi wataalamu wanasema hakuna kiwango salama kabisa. Hao watoto sasa ni watu wazima kama mimi, wengine nilicheza nao. Taka zenyewe zinatoka mji mzima, pamoja na mitaa ya kifahari. Kwa hivyo Fundi, kazi ndiyo, lakini ubongo wa mtoto ukishaharibiwa na risasi haurudi.

Kinyozi_Ilala
Si lazima iwe dampo. Petroli ya zamani ilikuwa na risasi, ilipepea barabarani miaka na miaka ikaingia kwenye udongo.

Mkemia_wa_Mtaa
@Kinyozi_Ilala hoja hiyo ina uzito wake, Afrika kusini mwa Sahara iliacha petroli yenye risasi mwanzoni mwa 2006 na risasi haiozi, inakaa kwenye udongo wa juu. Ila ingekuwa petroli peke yake, udongo wa barabara kubwa ungekuwa mbaya kuliko wa karibu na dampo au gereji. Ndo maana unachukua udongo sehemu zote mbili unalinganisha.

Mwalimu nije kwenye swali lako la vipimo, mimi niko maabara (siyo ya serikali). Kwanza kabisa mtoto yeyote asiingie mtoni. Kichocho, kipindupindu, sindano, vioo. Chota kwa kopo lililofungwa kwenye fimbo, glavu mkononi, sabuni baadaye. Pili, chukua maji juu ya sehemu mnayoishuku (kabla mto haujaifikia) na chini yake (mto ukishaipita), siku moja, muda mmoja. Ukichota chini tu hujathibitisha kitu, watakuambia yamekuja hivyo toka Pugu. Tatu, kila sehemu chota mara mbili kwenye chupa mbili tofauti, andika tarehe, saa, nani kachota, mvua ilinyesha lini mara ya mwisho.

Karatasi za pH ni rahisi, maji ya mto ya kawaida yako kati ya 6.5 na 8.5 hivi. Oksijeni iliyomo kwenye maji ndo kipimo kizuri zaidi kwa mto kama Msimbazi. Maji safi kwa joto la Dar yanabeba kama miligramu 7 hadi 8 kwa lita, ikishuka chini ya 2 samaki wengi hawakai. Pimeni alfajiri, maana mchana mwani unatoa oksijeni na mto unaonekana mzima kumbe siyo. Risasi, kromiamu na kadimiamu hazionekani kwa macho wala kwa karatasi, hizo mpaka maabara.

BahariaMstaafu
Ongeza na bamvua. Jangwani kushuka mpaka daraja la Selander maji ya bahari yanapanda. Mkipima maji yamejaa mtakuwa mmepima bahari. Ngojeni yapwe.

Mkemia_wa_Mtaa
Hiyo ni muhimu kweli, asante.

Zuu_klabu
Shikamooni. Mimi niko kwenye hiyo klabu, mwalimu ameniruhusu niandike. Tulichokifanya mpaka sasa: tumekata maboksi tukatoboa dirisha, tukabandika selotepu upande wa gundi ukiangalia nje, tukaning'iniza sehemu tatu, karibu na ukuta wa kiwanda, karibu na barabara, na kwenye uwanja wa shule. Tukitoa tunabandika selotepu kwenye karatasi nyeupe ya daftari. Ile ya ukutani ina chembe nyeusi zinazong'aa na ukizisugua zinaacha michirizi, ya barabarani ni nyekundu kama udongo, ya shule iko katikati. Na maji tumeyaweka kwenye chupa za plastiki dirishani bila kuyagusa. Ya juu yametulia yamekuwa kama chai ya rangi, ya chini yametengeneza tabaka, mchanga, juu yake tope jeusi, halafu utando wa mafuta. Chupa moja ilivimba mpaka kizibo kikakaza.

@ChifuTabata samahani baba, bibi yangu alikuwa anaishi pale na analima mchicha kabla ule ukuta haujajengwa. Anasema walikuwa wanafua mtoni. Kwa hiyo sisi kwetu hatukuufuata.

ChifuTabata
Marahaba mwanangu. Kazi nzuri sana hiyo, Mungu akuzidishie. Nakuuliza swali moja kama mzazi, bibi alikuwa na hati ya pale?

Mkongwe75
Sasa hati inahusianaje na mapafu?

ChifuTabata
@Mkongwe75 inahusiana sana, tulia. Mtaa usio na hati hauhesabiwi kwenye mpango, usipohesabiwa gari la taka halina njia ya kupita, mtaro hauchimbwi, na anayekuja kuomba kibali cha kiwanda anaonyeshwa ramani ambayo pale ni tupu. Mimi sitetei, naeleza inavyoingia. Watu wapimiwe maeneo kwanza.

Mpangaji_Miji
Nakubali nusu. Owino Uhuru ukiuliza utaambiwa hati, Tabata walishinda na wengi wao nyumba zilikuwa zile zile za kawaida. Ila kuhusu kuhesabiwa, wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliingia mitaani toka 2015 kwenye mradi wa Ramani Huria, wakishirikiana na wakazi, wakachora mitaro na nyumba za kata zinazofurika Dar. Ramani zile ziko wazi kwenye OpenStreetMap, mtu yeyote anazichukua bure. Zuu, mwambie mwalimu muweke alama zenu juu ya zile, msianze moja.

YangaDamu
Hapa kuna jambo mmelisahau. Klabu mbili kubwa za nchi hii zimebeba jina la bonde hili, sisi Watoto wa Jangwani na wale jamaa Wekundu wa Msimbazi. Klabu yetu ikifurika kila mtu anapiga picha. Viongozi wa mpira wakisema neno moja kuhusu mto huu Jumamosi uwanjani, litasikika kuliko ripoti zote.

SimbaMnyama
Kwanza muhame bondeni ndo mtushauri. Lakini kwa hili nipo na wewe, na mtani nakupa mkono.

Mchangiaji_Kimya
Naomba kuuliza, huo mchicha wa Msimbazi unauzwa wapi? Maana isije ikawa tunadhani ni tatizo la mabondeni tu.

MamaLishe_Kigogo
Unauzwa kila mahali mwanangu. Unakatwa alfajiri unafungwa mafungu unapanda bodaboda. Sokoni mchicha hauna kitambulisho.

Mkemia_wa_Mtaa
Tafiti nyingi zimekuta metali nzito kwenye mboga za kando ya mto ule. Kuosha kunatoa vumbi la juu ya jani, ile iliyopandia mizizini haitoki kwa maji wala kwa kuchemsha. Ila kwa haki, wakulima wale wakifukuzwa bila kutafutwa aliyetia kemikali, aliyechafua anakuwa ameponea na aliyechafuliwa ndo ameadhibiwa.

Kinyozi_Ilala
Hapo hapo. Mwaka 2011 mafuriko ya Desemba watu walikufa, familia zikapelekwa Mabwepande. Nina ndugu kule. Hana moshi, hana maji machafu, lakini kazi iko Kariakoo na nauli inakula nusu ya anachopata. Wengine walirudi. Sasa huyo tumwambie amefuata uchafu?

Fundi_Betri
Nimesoma yote. Mwalimu, mimi niko tayari hao watoto waje gerejini kwangu wachukue udongo, mradi jina langu lisiandikwe. Nataka kujua na mimi. Ila mchukue na kwa yule mkubwa wa barabarani mwenye ukuta na walinzi, msipime tu wasio na geti.

Zuu_klabu
Huko tulienda, mlinzi akatufukuza.

Mkongwe75
Mnaona? Ukaguzi wenyewe hauna usawa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inampa mwananchi haki ya kupata taarifa za mazingira, na miradi mikubwa inatakiwa iwe na tathmini ya athari kwa mazingira iliyopitia NEMC, chombo cha taifa cha kusimamia mazingira. Andikeni barua kupitia mkuu wa shule muombe kuiona ya pale. Barua iwe na muhuri, ipokelewe, mbaki na nakala iliyogongwa.

MtotoWaDandora
Na muwe makini na kuwapeleka watoto mbele. Huku kwetu wanaopigania mazingira wametishwa. Watu wazima wabebe jina, watoto wabebe kazi ya kupima.

MwalimuBondeni
Nashukuru sana wakuu, nimechukua mengi. Fundi nitakuja inbox tupange. Wazazi wa kila mtoto wameombwa ridhaa kwa maandishi na tutafanya hivyo tena kwa udongo. Kuhusu upepo tunafunga vipande vya mfuko kwenye fimbo sehemu zile zile za maboksi, tuandike unakoelekea asubuhi na jioni.

@Mpangaji_Miji bado sijakuelewa pale ulipokubali nusu. Kama hati siyo sababu na bei ya kiwanja siyo sababu, kilichowafanya Mtongani washinde na Vingunguti wasubiri miaka yote ile ni nini?

Mpangaji_Miji
Sina jibu moja. Nafikiri ni nani alikuwa anamjua nani, na Vingunguti tayari kulikuwa na mabwawa, viwanda na machinjio kwa hiyo mtu wa ofisini akaona moja zaidi si kitu. Sehemu ikishachafuliwa mara ya kwanza, mara ya pili haimshtui mtu.

BahariaMstaafu
Nabaki na upepo wangu. Ila nina swali kwa Zuu, harufu mnaisikia zaidi mchana au usiku? Maana usiku upepo unageuka, unatoka bara kwenda baharini, na ukiwa mwepesi moshi unalala chini bondeni.

Zuu_klabu
Usiku shikamoo babu, kuanzia kama saa nne. Bibi anaziba dirisha kwa kanga. Tulidhani wanawasha mitambo usiku ili wasionekane.

ChifuTabata
Inawezekana wanawasha pia.

BahariaMstaafu
Marahaba. Vyote vinawezekana, ndo maana mpime. Andikeni saa harufu inapoanza na saa upepo unapogeuka, kwenye ukurasa mmoja. Vikianza pamoja kila usiku ni upepo. Harufu ikianza kabla upepo haujageuka, muulizeni mwenye ukuta.